Rangi Shingoni mwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Majibu ya sindano aliyochomwa Mama shingoni yametoka. Ni saratani ya tezi ya shingo.

Miaka miwili tumekuwa tukisema "uvimbe wa mama" kama tunavyosema "kiti cha baba", kitu cha humu ndani ambacho hakimdhuru mtu. Leo kimepata jina lake.

Tulikwenda Musoma watatu, Baba, Mama na mimi. Daktari Miriamu ni mwanamke mfupi, anaongea haraka na kila neno la tatu ni la Kiingereza. Alisema saratani ya aina hii inakwenda taratibu na inatibika, ila tezi lazima itolewe. Halafu akasema kuna bahati. Mwezi wa tano timu ya wapasuaji wageni inakuja Dar es Salaam na roboti ya upasuaji. Watahudumia wagonjwa sita bila malipo huku wakifundisha wenzao wa hapa. Mama anafaa. Fomu ya kukubali irudi kabla ya tarehe 30 Aprili.

"Lakini nafasi ni sita kwa nchi nzima," alisema. "Anayewahi ndiye anayepata."

Mama akauliza, "Hiyo mashine inakatia wapi?"

"Kwapani, mama. Inapita chini ya ngozi mpaka shingoni. Mbele hakubaki kovu."

Mama akacheka. "Kwapani! Kama kipimajoto."

Daktari alinipa kipeperushi cha kurasa nne, Kiingereza kitupu. Akaniuliza niko kidato cha ngapi. Nilijibu "cha tatu" kwa sauti ndogo hadi akaniuliza tena. "Basi wewe Matrida ndiye mwalimu," akasema. "Mweleze mama nyumbani, taratibu, kwa Kiswahili."

Njia nzima kurudi Bunda nilikishika kipeperushi kile mapajani kama cheti. Naona aibu kuandika hivi siku kama ya leo, lakini nilifurahi kwamba kuna kazi inayonihitaji mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Shule. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimetafsiri kurasa mbili. Kamusi ya maktaba ina maneno mengi ya mashua na hakuna hata moja la vitu vilivyomo shingoni.

Nilichoelewa ni hiki. Nyuma ya tezi kubwa kuna tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele. Hizo ndizo zinazotunza kalsiamu kwenye damu. Zinafanana sana na mafuta, na daktari akizikata kwa bahati mbaya mgonjwa anapata ganzi na vidole vinakakamaa, pengine maisha yake yote. Ndiyo maana wanaingiza rangi. Rangi inaigeuza tezi yenye ugonjwa kuwa nyeusi, zile nne zinabaki na rangi yake, na daktari anaziona kwenye skrini.

Ni jambo zuri sana. Nimelisoma mara tano.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimewasomea.

Niliomba redio izimwe. Baba alikuwa ametoka machinjioni, amekwisha kuoga lakini kucha bado zina wekundu wake wa kila siku. Yeye ni mchinjaji, na Mama huchukua utumbo pale pale, anauosha na kuuza supu kwenye banda lililo nje ya geti la machinjio. Wote wawili walikaa kwenye kochi wakaweka mikono mapajani kama wazazi kwenye mkutano wa shule. Nilisimama. Nilisoma bila kukwama:

"Kwanza, daktari ataingiza rangi kwenye tezi yenye ugonjwa. Sehemu yote iliyoharibika itakuwa nyeusi, ili daktari aitambue aikate na kuitupa."

Hapo Mama alinyanyua macho. Nilidhani amependezwa, nikarudia sentensi ile polepole zaidi.

Nilipomaliza, Baba alisema, "Umesoma kama padri." Mama alisema, "Asante, mwanangu," akaenda kuangalia maharage. Maharage yalikuwa yameshaiva tangu saa kumi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa Mama amesema haendi Dar es Salaam. Nikauliza kwa nini. "Sitaki tu."

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya mawe. Mama hataki.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechora mchoro. Shingo, koromeo, tezi kubwa mfano wa kipepeo, na zile nne nyuma yake. Tezi kubwa nimeipaka wino mweusi ti, nne nimeziacha nyeupe. Chini nimeandika kwa herufi kubwa: SEHEMU YENYE RANGI HUONDOLEWA.

Mama aliutazama mchoro, akautazama tena, akaugeuza juu chini akauweka mezani.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa tangu siku ile."

"Sasa unaogopa nini?"

"Nani kakwambia naogopa? Lete ndoo."

Ninapenda vitabu kwa sababu kitabu usipokielewa unarudi nyuma ukurasa mmoja. Kwa Mama sijui nirudi ukurasa gani.

Jumanne, 18 Machi

Nilimngoja Mwalimu Benson wa baiolojia nje ya ofisi dakika ishirini mpaka nikapata ujasiri wa kugonga. Nikamwuliza mtu anawezaje kumweleza mgonjwa habari za rangi ya tezi. Akasema, "Hiyo haipo kwenye silabasi, Matrida. Mtihani uko karibu." Akanirudishia daftari. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari Miriamu amempigia Baba. Nafasi mbili zimekwisha chukuliwa.

Baba alimwambia Mama. Mama akasema, "Wachukue zote." Baba yangu anaweza kumwangusha fahali kwa kamba moja, ila kwa Mama ananyamaza. Nilimwambia, "Baba, mlazimishe." Akasema, "Ng'ombe hulazimishwaga. Mama yako si ng'ombe."

Nilitamani kulia kwa hasira. Kila mtu katika nyumba hii anasema sentensi moja kisha anakwenda zake.

Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi shule nikakuta Mama amefunga begi. Amekwenda Butiama, Mwitongo, kwa dada yake, mama mkubwa Nyangi. Anasema anakwenda kumsaidia palizi. Mama hajashika jembe tangu nizaliwe.

Jumatatu, 31 Machi

Supu nimepika mimi kabla ya shule. Mteja mmoja amesema ina ladha ya sabuni.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Ijumaa ya Kwaresma, wateja watatu. Mama hajapiga simu.

Jumatano, 9 Aprili

Nafasi tatu zimechukuliwa. Zimebaki tatu.

Nimeanza kumchukia kidogo. Naandika hapa kwa sababu siwezi kuliungama kwa padri anayeijua sauti yangu. Mtu anapewa kitu ambacho watu elfu wangekililia, naye anakwenda kupalilia mihogo. Usiku nasikia Baba anakohoa upande wake na najua hajalala. Namchukia Mama kwa hilo pia.

Jumamosi, 12 Aprili

Shule imefungwa tangu jana, kwa hiyo leo nimeingia machinjioni mwenyewe kuchukua utumbo. Kwa kawaida nangoja getini, kwa sababu wanaume wa mle wanatania sana na mimi sijui kujibu.

Ng'ombe walikuwa wanne. Mkaguzi wa nyama ni Bwana Ngusa, Msukuma, na Baba humtania tangu anaposhuka kwenye pikipiki. Leo alianza hivi:

"Ngusa, unakagua nyama au unakagua mchana utakula nini?"

"Ninyi Wazanaki kazi yenu kuchinja tu, akili tumeleta sisi," akajibu Ngusa. "Nionyeshe ini."

Baba akamwonyesha. Ngusa alilipasua kwa kisu, akalibana, minyoo ikatoka kwenye mishipa yake kama majani yaliyolowa. Akatikisa kichwa. Ini lile likawekwa kwenye karai peke yake. Akachukua chupa, akalimwagia rangi ya kijani mpaka likalowa lote, na mapafu ya ng'ombe huyo nayo akayamwagia.

Nikauliza (sijui nilipata wapi sauti), "Kwa nini unaweka rangi?"

"Ili mtu asije akaliiba akaliuza. Kitu kikishapakwa hii, hakuna atakayekigusa. Kinakwenda shimoni."

Nilisimama pale na ndoo. Mama ameokota utumbo kwenye sakafu ile miaka kumi na tano. Kila asubuhi anaona chupa ile. Kila asubuhi anaona kinachopakwa na mahali kinapopelekwa. Nami nikasimama sebuleni, kifua mbele, nikamsomea mara mbili, tena ile ya pili polepole, kwamba watampaka rangi shingoni.

Nikamchorea na mchoro.

Nilimweleza Baba tukiwa tunafunga. Alikaa kwenye gogo la kukatia mifupa. Akasema, "Mimi pia nilisikia hivyo."

"Ulisikia hivyo, na hukusema?"

"Nilidhani ndivyo kitabu kinavyosema. Kwamba wanampaka kwa sababu hafai tena, lakini wanajaribu."

Mwezi mzima! Mwezi mzima watu wawili wanaishi na jambo hilo, na mimi natafuta visawe kwenye kamusi.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Tumekwenda Mwitongo, mimi na Baba. Barabara ya ndani ni tope, tulishuka kwenye pikipiki mara mbili tukasukuma.

Mama alikuwa anamenya mihogo uani na mama mkubwa Nyangi. Amekonda. Uvimbe umeonekana mkubwa zaidi kwa sababu shingo imepungua. Mama mkubwa alinipokea kwa maneno: "Huyu ndiye mwalimu? Karibu, mwalimu. Nasikia unawasomeaga watu hukumu zao."

Sikujua pa kuangalia. Nikaketi, nikachukua kisu, nikamenya. Baada ya mihogo minne nikasema, "Mama, nilimwona Bwana Ngusa na chupa yake."

Mama aliendelea kumenya.

"Rangi ya daktari siyo hiyo."

"Ni ipi?"

"Ni ya kaboni. Ni nyeusi. Ni kwa ajili ya kutambua—"

"Matrida." Aliweka muhogo chini. "Mimi sijasoma, lakini kazi yangu naijua. Rangi haimwagwi kwenye kitu cha kuokolewa. Nimeona ini zima, zuri, lina doa moja tu. Likishamwagiwa, limekwisha. Hata mbwa wa pale getini hapewi. Sasa daktari anataka kunimwagia mimi, ndani, mahali nisipoweza kujiosha. Nikirudi hapo, nikae kwenye banda langu niuze supu, nani atakula mkononi mwangu? Na nikifa, mtanizika na rangi?"

Mama mkubwa akasema, "Mwache mdogo wangu afe akiwa na rangi yake ya Mungu."

"Hatakufa!" Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele ya mama mkubwa. Kuku waliondoka. "Hatakufa kama atasaini!"

Kisha nikaanza kueleza. Kaboni, limfu, skrini, asilimia. Nilieleza kila kitu ninachokijua, kwa mpangilio, na nikaona uso wa Mama unafungwa kidogo kidogo kama duka linalofunga mlango mmoja mmoja. Niliona, lakini sikuweza kuacha. Ningekuwa na ubao ningeandika.

Baba ndiye aliyenikatiza. Aliuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

"Huyo daktari wa roboti, anashika kwa vidole?"

"Hapana. Anakaa pembeni, anatazama skrini, anaongoza mikono ya mashine."

"Yeye mwenyewe haigusi nyama?"

"Haigusi. Kipeperushi kinasema hana hisia ya kugusa."

"Mh," akasema Baba. Akaendelea kumenya. Baadaye, akiwa kama anaongea na muhogo: "Mimi mtu akinifunga vidole, sichinji. Nitakata kibofu cha nyongo siku ya kwanza."

Mama alimtazama. Tukarudi Bunda bila yeye.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Machinjio imefungwa. Njia ya Msalaba kwenye mvua. Zimebaki nafasi mbili.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mama amerudi kwa ajili ya misa. Ameleta mihogo. Hatukuzungumza juu ya shingo. Bwana Ngusa alikuja kula, akala sahani tatu, Baba akamwambia Wasukuma walipewa tumbo siku ambayo wengine walipewa aibu.

Ngusa alifuta mdomo. Akasema, "Shemeji Petronila, nasikia ninasingiziwa. Rangi ni kazi yangu, niulize mimi. Ya kijani natupa. Lakini muhuri wa zambarau napiga kwenye nyama nzuri. Hiyo nayo ni rangi. Mbona huiogopi?"

"Na ya daktari ni nyeusi," akajibu Mama. "Iko upande wako upi?"

Ngusa alisogeza sahani mbele. Akaomba ugali tena. Mimi nilikuwa na jibu la aya tatu. Nilijibana ulimi kwa meno, na kwa kweli niliumia.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari hajapiga. Mama ameanza tena kupika supu. Wateja wamefurahi kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika haraka kabla sijasahau.

Asubuhi, kazi ilipokwisha, Baba alimwita Mama kwenye meza yake ya kuoshea. Juu yake kulikuwa na shingo mbili za ng'ombe, zimefunguliwa kutoka mbele. Ngusa alikuwepo na bomba la sindano la chanjo na kikopo cha wino wake wa muhuri. Mimi nilikuwa nimebeba daftari. Baba akasema, "Hilo weka chini."

"Petronila," akasema, "weka mikono nyuma."

"Ya nini?"

"Weka tu. Mimi leo ni roboti yako. Kisu ninacho mimi, macho unayo wewe. Usiguse kitu. Nioneshe tezi ni ipi, nikate, nisiguse kingine."

Mama alicheka. Ameosha vitu vya ndani ya ng'ombe miaka kumi na tano, gizani anakwambia hiki ni kipi. Akafunga mikono nyuma, akainama. Akatazama. Akainama zaidi.

"Hapo. Hapana. Hayo ni mafuta. Hapo... ngoja." Bega likasogea, mkono ulitaka kutoka mbele wenyewe. Baba akasema, "Ah-ah." Mama akakunja uso. "Hivi nani anajua bila kushika? Nyekundu yote ni moja!"

"Nikate wapi, mama?" akauliza Baba. "Mashine inangoja."

"Kata hapo."

Baba alikata. Ngusa akapekua kwa ncha ya kisu. "Umetoa mafuta na nusu tezi," akasema. "Na hiki kidogo ulichokatia pembeni sijui kilikuwa cha nani. Mwenye ng'ombe atakudai."

Shingo ya pili. Ngusa alichoma tezi sindano, akasukuma. Bomba likafyatuka, wino ukaruka kwenye shati la Baba, kwenye kitambaa cha Mama, kwenye paji la uso wangu. Wote watatu walinitazama, na Mama akacheka hadi akashika meza. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Februari. Nilikasirika, maana jaribio lilikuwa limeharibika na nilikuwa na hesabu zangu za siku zilizobaki, nne.

"Tena," akasema Baba.

Mara ya pili wino uliingia. Tezi ilivimba kidogo, ikageuka zambarau yote mpaka kwenye ukingo wake, ikaishia pale. Mafuta yakabaki mafuta. Vitu vidogo vya pembeni vikabaki na rangi yake.

Mama, mikono nyuma, hakuuliza lolote. Alisema, "Kata hapo, zunguka, hapo acha, hapo acha, na hapo acha." Baba akakata. Tezi ikatoka nzima.

Inzi walikuwa wengi. Mama akatoa mikono mgongoni, akavigusa vile vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole.

"Kwa hiyo anaweka rangi kwa sababu hana vidole," akasema.

"Ndiyo," nikasema. Neno hilo moja tu. Naamini ni jambo la akili zaidi nililolisema mwaka huu.

"Na hivi visivyopakwa ndivyo anavyovichunga."

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia. "Mbona hukusema hivyo?"

Jumapili, 27 Aprili

Mama amesaini fomu baada ya misa, mezani, kwa kalamu yangu. Herufi moja moja: Petronila. Zimebaki siku tatu. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 28 Aprili

Nafasi zimekwisha. Ya sita ilichukuliwa Alhamisi.

Alhamisi. Siku ile nilikuwa naosha ndoo. Daktari Miriamu alisema kwenye simu ya Baba, spika ikiwa wazi, "Niliwaambia anayewahi." Hakuwa na ukali. Alisema timu itarudi pengine Novemba, pengine mwakani, na uvimbe umeanza kukua, yeye hashauri kungoja. Atampeleka Mwanza. Upasuaji wa kawaida, kwa mkono, mbele ya shingo. Ni wazuri, alisema, wamefanya wengi. Rangi hiyo wao hawana.

Mama alikuwa anasikiliza. Akasema, "Mwanza basi. Wao si wana vidole?"

Nilikwenda nyuma ya choo nikapiga teke ndoo mpaka ikapasuka. Nimeandika hapa nani wa kulaumiwa, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Orodha ilikuwa na watu watano na mimi nilikuwa juu.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua inapungua. Ndoo mpya.

Jumanne, 13 Mei

Mama amepasuliwa leo. Baba yuko naye Mwanza, mimi niko shule. Hisabati vipindi viwili. Sikuandika hata namba moja.

Saa tisa Baba ametuma ujumbe: "Ametoka. Anaongea."

Alhamisi, 15 Mei

Baba amepiga: saratani imetoka yote, madaktari wanavyoona. Sauti yake ni nzima. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado na simu sikioni.

Halafu Baba akasema, "Ila analalamika ganzi. Midomo na vidole. Jana usiku mkono ulikunjika ukakataa kufunguka."

Nilijua kabla hajamaliza. Ni ukurasa wa pili, aya ya chini. Nimeitafsiri mwenyewe.

Baba anasema daktari wa Mwanza aliwaeleza vizuri, hakuficha: tezi kubwa ilikuwa imeshikana na zile ndogo, mbili aliziona akaziacha, mbili hakuwa na hakika nazo. Pengine zimeshtuka tu, zitaamka baada ya wiki au miezi. Pengine hazitaamka. Wamempa vidonge vya kalsiamu.

Ingeweza kutokea hata kwa roboti na rangi. Kipeperushi kinasema "hupunguza", hakisemi "huzuia". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi leo, na hainisaidii.

Jumapili, 25 Mei

Mama yuko nyumbani. Kovu kama mkufu. Asubuhi alijaribu kuosha utumbo, vidole vikakunjika ndani ya beseni. Nilivifungua kimoja kimoja. Alitukana kwa Kizanaki, maneno ambayo sikujua anayajua.

Jumatano, 28 Mei

Vidonge sita kwa siku. Supu napika mimi. Yeye anakaa kwenye kigoda ananielekeza. "Hapo hujaosha. Nami nakuona bila kushika."

Jumamosi, 7 Juni

Shule imefungwa jana. Nimekuwa wa nne darasani. Baiolojia nimepata C, na sikushangaa.

Daktari Miriamu amepiga simu, safari hii anataka mimi. Timu inarudi Novemba. Anayo majina ya watu wawili wa Mara: mama mmoja wa Kisorya anayekausha dagaa na mwalimu mmoja wa Musoma. Yule wa Kisorya amekataa aliposikia habari ya rangi. "Nasikia wewe ulitafsiri kipeperushi," akasema. "Nitumie, nitoe nakala niwape."

Nilisema, "Sina." Ilikuwa uongo. Daftari lilikuwa mkononi mwangu.

"Huna?"

"Kile hakifai."

Nilikata simu bila hata kuaga, utovu wa adabu mtupu. Mama alikuwa kwenye kigoda, amesikia. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani, ndiyo siku yake mbaya.

"Lete hilo daftari," akasema. "Fungua ukurasa mtupu. Mimi siwezi kushika kalamu leo, andika wewe."

"Niandike nini?"

"Huyo wa Kisorya anafanya kazi gani?"

"Anakausha dagaa."

"Dagaa sizijui. Sijui wao rangi huwaga wanaonea wapi." Akafikiri. "Kwanza mpigie, umwulize amesikia nini. Umwache amalize. Usimkate na kaboni yako."

"Sawa, mama."

"Halafu andika hivi: Mimi nilikataa." Akangoja kalamu yangu ifike. "Nilikataa kwa sababu nilidhani napakwa ili nitupwe. Nilipokuja kuelewa, nafasi ilikuwa imekwenda. Sasa mkono wangu hauoshi. Nukta."

Niliandika. Nilitaka kuongeza kwamba si hakika, kwamba hata kwa rangi ingeweza kutokea, kwamba asilimia ni kadhaa. Aliona kalamu inasitasita.

"Unataka kuongeza nini?"

"Kwamba pengine ingekuwa hivi hivi tu."

"Ongeza. Kama ni kweli, ongeza." Akasogeza kigoda karibu, akatazama mistari asiyoisoma haraka. "Chini weka jina langu lote, na tunapokaa, Kabasa, Bunda. Lako usiweke. Wakiona la mtoto wa shule watajua wanasomewa."

Nimeweka jina lake. Sasa nangoja mtandao urudi nimpigie huyo mama wa Kisorya, na sijui nitaanzaje, maana sijawahi kumpigia mtu nisiyemjua. Mama anasema nianze na shikamoo, kisha ninyamaze.